Mashini moja, vioo viwili: historia fupi kwa wakaaji wa Alunguli

Leo tunaweka kando kidogo bei ya mchele na hali ya barabara. Tunazungumza juu ya jambo ambalo vijana wenye kompyuta nyumbani wanaliuliza mara nyingi: je, mashini moja inaweza kufanya kazi na vioo viwili au vitatu kwa wakati mmoja? Kioo tunachosema hapa ndicho wengine wanakiita ekra au skrini.

Jibu ni ndiyo, tena si jambo jipya. Liliwezekana tayari mwaka 1981. Watu wengi wanadhani vioo viwili ni vya tajiri, au vya kijana anayetaka kujionyesha mbele ya wenzake. Historia inaonyesha kitu kingine. Kioo cha pili kilizaliwa kwa ajili ya mtu anayetazama kitu kimoja huku akiandika kingine, asiyetaka kukosea katikati. Mtu huyo tunamjua sana hapa kwetu. Ni yule anayenakili majina.

Mji wa orodha mbili

Kindu yenyewe ni mji uliokua kwa sababu ya kuhamisha mizigo. Reli ya kati ya Kindu na Kongolo ilimalizika karibu mwaka 1910, na upande huu inaishia kwenye mto. Kutoka hapo mizigo ilishuka kwenye gari la moshi, ikapanda masua, ikateremka na maji hadi Ubundu. Ubundu nako mto hauendeki kwa sababu ya maporomoko, kwa hiyo mizigo ilishuka tena, ikapanda gari la moshi lingine la kilomita 125 hadi Kisangani.

Kila mahali mzigo unaposhuka na kupanda, lazima kuwe na orodha mbili: orodha ya vilivyoshuka na orodha ya vilivyopanda. Karani anaziweka pembeni moja kwa nyingine, kidole cha kushoto kwenye mstari huu, kalamu ya kulia kwenye mstari ule. Akiwa na karatasi moja tu mbele yake, akalazimika kuifunika ili afungue nyingine, atatumia kichwa chake kama mfuko wa kubebea namba. Na kichwa kinachoka. Gunia 86 linaandikwa 68, na mwenye mzigo analia.

Sisi wa Alunguli tunaujua mtindo huo kila siku. Komini zetu ni tatu, Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ile, Alunguli iko peke yake upande wa kulia wa mto. Anayevuka na mtumbwi akiwa na bidhaa za watu kumi anahesabu mara mbili, kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Basi mtu akikuambia kwamba vioo viwili ni anasa, mkumbushe yule karani wa bandarini.

1981: viwanja viwili ndani ya mashini moja

Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi, IBM PC. Bei ya ile ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565, tena bila kioo. Mnunuzi alichagua kadi ya picha. Kadi moja ilikuwa ya maandishi tu, ya rangi moja, mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja. Herufi zake zilikuwa safi sana. Kadi ya pili ilikuwa ya rangi na michoro, lakini herufi zake zilichosha macho.

Wahandisi walizipa kadi hizo mbili sehemu tofauti za kumbukumbu ya mashini. Fikiria viwanja viwili kwenye avenue moja, kila kimoja na namba yake. Barua ya kiwanja cha kwanza haiwezi kupotea ikafika kiwanja cha pili. Kwa sababu hiyo mtu aliweza kuchomeka kadi zote mbili ndani ya mashini moja, akaunganisha kioo cha maandishi kushoto na kioo cha rangi kulia, na vyote vikawaka. Lakini hakuweza kuweka kadi mbili za aina moja, kwa kuwa zote zingedai kiwanja kile kile. Nasi tunajua hapa kwetu matokeo ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili.

Nani alitumia vioo hivyo? Watu wa hesabu na watu wa michoro. Mwaka 1983 ilitoka programu ya hesabu iitwayo Lotus 1-2-3. Mwenye vioo viwili aliweza kuona safu za namba kwenye kimoja na mchoro wake kwenye kingine. Watengenezaji wa programu nao walifanya hivyo: programu yenyewe inakimbia kwenye kioo cha rangi, na makosa yake yanaonekana kwenye kioo cha maandishi. Ni orodha mbili zile zile za karani.

1987: kipanya kinavuka mto

Katika mtindo ule wa 1981 kila kioo kiliishi peke yake. Huwezi kuvuta kitu kutoka hiki kukipeleka kile. Ilikuwa kama Alunguli na Kasuku bila mtumbwi.

Mwezi Machi 1987, kampuni ya Apple ilitoa Macintosh II. Ndani yake mlikuwa na nafasi sita za kadi, na mtu aliweza kuunganisha vioo hadi sita. Jambo kubwa halikuwa idadi hiyo. Jambo kubwa ni kwamba mashini iliviona vioo vyote kama meza moja pana. Unasukuma kipanya hadi ukingo wa kioo cha kushoto, nacho kinatokea kwenye kioo cha kulia. Unashika barua hapa, unaiweka kule. Wachora magazeti na wapangaji wa vitabu waliipenda sana.

Mwaka huo huo wa 1987, IBM ilileta tundu la VGA. Ni lile tundu dogo lenye vishimo 15 katika mistari mitatu, na skrubu mbili pembeni. Ukigeuza kompyuta nyingi za zamani zinazouzwa sokoni, utalikuta. Tundu hilo lina miaka karibu 40 na bado linafanya kazi. Vitu vichache sana katika kompyuta vimeishi hivyo.

1998: mwaka ambao hatukuwepo

Mwezi Juni 1998 ilitoka Windows 98. Hiyo ndiyo iliyoleta vioo vingi kwenye kompyuta za kawaida za nyumbani. Iliweza kuongoza hadi vioo tisa, mradi kila kimoja kiwe na kadi yake. Mwaka uliofuata kampuni ya Matrox ya Canada ikatoa kadi ya G400 yenye matundu mawili, kwa hiyo kadi moja ikatosha kwa vioo viwili. Kuanzia hapo, katika ofisi za Ulaya na Marekani, kioo cha pili kikawa kitu cha kawaida.

Na kwetu je? Tarehe 2 Agosti 1998 vita vilianza mashariki ya Kongo. Mwezi Oktoba mwaka ule ule, Kindu ikaingia mikononi mwa RCD. Wenye umri wanakumbuka yaliyofuata. Njia zilifungwa, watu walilala porini, na bidhaa zilisukumwa kwa baiskeli siku nyingi kupita vijiji vilivyoachwa. Serikali ya mpito iliingia Kinshasa katikati ya mwaka 2003. Katika miaka hiyo mitano hakuna aliyekuwa akiuliza Alunguli kama Windows inaongoza vioo vingapi.

Tunalisema hili kwa sababu linaeleza kitu tunachokiona hata leo. Maarifa haya si magumu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafahamu kwa saa moja. Yalitupita kwa sababu yalipopita barabarani, sisi tulikuwa tumejificha. Vijana wa sasa wakidhani kwamba vioo viwili ni elimu ya wazungu, wajue ni elimu iliyochelewa kufika, basi.

Vioo vinene vinaondoka, vyembamba vinakuja

Baada ya mwaka 2000 vioo vilibadilika umbo. Vile vya zamani, vinene kama televisheni ya babu, vilikuwa na chupa kubwa ya kioo ndani. Kimoja cha inchi 17 kilifika kilo 15 au zaidi. Kuweka viwili juu ya meza ya mbao laini ilikuwa kuijaribu meza. Vioo vyembamba viliposhuka bei, kila kimoja kilo chache tu, mtu aliweza kupanga viwili bila shida.

Pamoja navyo yakaja matundu mapya: DVI mwaka 1999, HDMI mwishoni mwa 2002, DisplayPort mwaka 2006. Kwa hiyo nyuma ya mashini kumeandikwa historia. Ukiona VGA peke yake, mawazo yake ni ya 1987. Ukiona HDMI, ni ya baada ya 2002. Anayenunua kioo cha mkono wa pili aanze kwa kutazama nyuma, kabla ya kutazama mbele.

Hapa pana jambo la pesa. VGA inapeleka picha kwa mtindo wa mawimbi, HDMI inaipeleka kwa namba. Ni lugha mbili. Kama mashini yako ina HDMI tu na kioo kina VGA tu, waya mtupu wenye kichwa hiki upande mmoja na kichwa kile upande mwingine hautoshi. Unahitaji kile kidude chenye mkalimani ndani, kinachogeuza lugha. Tena kina upande: cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi ya kutoka VGA kwenda HDMI. Usilipe kabla hakijajaribiwa mbele yako.

Umeme ndio hakimu

Kwa anayetumia panno ya sola na batri, swali la kwanza si la tundu. Ni la wati. Kioo kinene cha zamani cha inchi 17 kinakula karibu wati 80. Kioo chembamba cha kisasa cha inchi 19 au 20 kinakula kati ya wati 15 na 30. Kompyuta ya kubeba, tuseme wati 45 ikiwa inafanya kazi.

Tufanye hesabu ya saa nne za jioni. Kompyuta ya kubeba: 45 mara 4, ni 180. Kioo chembamba cha wati 25: 25 mara 4, ni 100. Jumla 280. Batri ya volti 12 ya ampea 100 ina 1,200 kwa jumla, lakini ukitaka iishi miaka, usiishushe chini ya nusu, yaani tumia 600. Ondoa pia kidogo kinacholiwa na kibadilisha umeme. Bado 280 inaingia, na taa ya watoto inapata sehemu yake.

Sasa weka kioo kinene: 80 mara 4, ni 320. Kioo peke yake kimekula kupita kompyuta. Ndiyo maana kioo kinene cha bure kinaweza kuwa ghali kuliko chembamba cha kununua. Na neno la usalama: kioo kinene usikifungue. Umeme mkali unabaki ndani hata kikiwa kimechomolewa, nao unaweza kuua.

Namna ya kuunganisha

Kompyuta ya kubeba tayari ina kioo chake. Ukiongeza kimoja, una viwili. Hata televisheni ya nyumbani yenye HDMI inafaa. Zima vyote, chomeka waya, kaza skrubu kama ni VGA, kisha washa kioo kwanza na mashini baadaye.

Kwenye Windows 7 na zilizofuata, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Mashini nyingi hapa kwetu zinasema Kifaransa, kwa hiyo utaona maneno manne. « Dupliquer » inaonyesha picha ile ile mahali pawili. Inafaa kwa mwalimu mbele ya wanafunzi. « Étendre » inafanya meza pana, ndiyo tunayoitafuta. Mengine mawili yanaacha kioo kimoja tu kikiwaka, na ukichagua la kioo cha pili wakati kioo chenyewe kimezimwa, utabaki gizani ukidhani mashini imekufa. Bonyeza tena vitufe vile vile, urudi.

Kama kipanya kinakataa kutoka upande wa kulia na kinatokea upande wa kushoto, mashini haijaharibika. Haijui tu umekiweka kioo wapi. Ingia « Paramètres d'affichage », utaona miraba yenye namba 1 na 2. Ishike mmoja, ivute hadi ifanane na meza yako. Mwisho, weka vioo kwa kimo kimoja, hata kwa kuinua kimoja juu ya kitabu au kipande cha mbao. Shingo inayopanda na kushuka saa nne itakudai usiku.

Mashini moja kwa watu wengi

Kuna tawi lingine la historia hii. Kama mashini moja inaweza kuongoza vioo vingi, kwa nini kila kioo kisiwe na kipanya chake, vitufe vyake na mtu wake? Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba shule za Brazili zitapata nafasi zaidi ya 350,000 za namna hiyo, mashini moja ikihudumia wanafunzi hadi kumi. Inahitaji programu maalumu; Windows ya kawaida ya nyumbani haifanyi hivyo.

Kwa shule zetu ni wazo la kupimwa. Faida iko kwenye umeme na bei. Hasara ni hii: mashini ikianguka, darasa zima linaanguka. Anayekaa karibu na fundi anaweza kuvumilia. Anayengoja kifaa kivuke mto, kisha kingoje ndege au gari la moshi, afikiri mara mbili.

Majina ya watu

Turudi kwenye kazi yenyewe. Hapa Maniema jina moja lina sura nyingi. Ramazani na Ramadhani. Amisi na Hamisi. Asumani, Assumani, Osmani. Mtu amefika kutoka mbali, hana kitu mkononi ila simu, na ndani ya simu mna foto ya cheti cha mtoto iliyopigwa kabla ya kukimbia. Kijana mwenye kompyuta anaandika maombi ya shule au orodha ya familia. Kwa kioo kimoja anafungua foto, anasoma, anaifunika, anaandika kwa kukumbuka. Herufi moja inaruka. Baadaye, mbele ya meza ya mtihani au mbele ya orodha ya msaada, mtoto anaambiwa: jina hili si lako.

Kwa vioo viwili, foto inakaa kushoto, haiondoki. Maandishi yako kulia. Mwenye jina anakaa pembeni na kuangalia herufi kwa herufi hadi aseme ndiyo. Kazi hiyo ndogo inaweza kuokoa mwaka mzima wa shule.

Lakini kioo cha pili ni dirisha pia. Ukikielekeza mlangoni, kila anayepita anasoma nani ametoka kijiji gani, amekimbia na nani, analala kwa nani. Katika nchi yenye vita, habari hizo zinaweza kumfikia asiyestahili kuzijua. Kigeuze kielekee ukutani, na foto ikimaliza kazi, ifute mbele ya mwenyewe.

Na kwenu ndugu mliohama, au mnaohofia kuhama tena: kioo hakina kumbukumbu. Kiwe kikubwa, kiwe viwili, kiwe sita, ukikizima hakibaki na kitu. Watu wamewahi kubeba kioo mgongoni wakaacha kisanduku chenye faili zote. Kama kuna siku ya kukimbia, acheni vioo mezani. Nakili vyeti vya watoto kwenye flashi ndogo leo, nyingine mpe ndugu unayemwamini ng'ambo ya mto, na flashi yako ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zenyewe. Kioo kingine kitapatikana.